Maziwa ya Jioni

Jumatatu, 3 Juni
Nimepanda tena Meru kutoka Kaloleni. Matope hadi magotini. Tangi la kupozea maziwa ni zima. Asubuhi foleni, jioni hakuna mtu. Wiki ya pili sasa. Linajaa nusu tu. Mnunuzi (hawa wafanyabiashara wa soko huria hawabembelezwi) amesema lisipojaa kufikia Jumamosi gari lake halipandi tena. Mfumo wote wa kukusanya maziwa nimeupanga mimi.

Jumanne, 4 Juni
Watu wabishi hawa. Kabla sijachora chochote niliita mkutano, wakuu wa kaya wote. Wakakubali maziwa yapokelewe asubuhi na jioni. Wakapiga na makofi. Leo kila ninayemuuliza anatazama pembeni. Nimemfokea karani wa kituo bure.

Jumatano, 5 Juni
Mvua. Nimejibanza bandani kwa Mama Anaeli, mke wa Mzee Kaaya, mwenyekiti wa kituo. Alikuwa anakamua. Nikamwuliza haya ya jioni huwa yanakwenda wapi.

"Haya ni yangu, baba. Ya asubuhi ya mzee, ya jioni ya mama. Ndiyo chumvi, ndiyo madaftari ya watoto. Nikiyaleta kwenu mnaandika jina la mzee, na hela anapokea yeye."

Kila nyumba ni hivyo. Hata kwetu Machame, mama yangu alikuwa hivyo hivyo! Nimekua nayo nikaisahau. Mkutano wangu haukuwa na mwanamke hata mmoja. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimewaita akina mama, waume pia. Nimetandika mchoro wa mfumo mezani, akina mama wakaupangua wote. Daftari lao peke yao. Karani mwanamke. Mapokezi ya jioni yawe mapema, kabla giza halijaingia. Wazee wakachukia. Mmoja akasema navunja nyumba za watu. Niliogopa kweli. Tukamsubiri Mzee Kaaya.

"Ya jioni sijawahi kuyaulizia," akasema. "Nianze leo kwa sababu ya tangi?"

Wakaguna, wakakubali. Nilitamani kumkumbatia.

Jumamosi, 8 Juni
Gari limepanda asubuhi, limeshuka limejaa.

Jana jioni foleni ilifika barabarani. Karani mpya aliandika majina. Mama Anaeli akajitaja, "Mama Anaeli." Karani akamwomba jina lake mwenyewe. Akafikiri kidogo.

"Ruthi," akasema.

Akainama juu ya daftari, akalitazama jina lake likiandikwa.