Fomu Isiyoijua Tembe

Bahi, 4 Februari 2025

Mpwa wangu Ruthu,

Marahaba, najua ungeniamkia. Sisi wazima, na mkaza mjomba wako Anyesi anakusalimu. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Karatasi haikatizi.

Nasikia ofisini kwenu mnaandika mpango wa kuweka umeme wa jua kwenye nyumba za kijiji chetu, na nyumba za tembe hazimo. Eti mpaka bati! Mimi niliyeendesha lori hadi Lubumbashi niambiwe paa bapa la udongo alilojenga babu yako halibebi paneli? Linabeba magunia ya uwele na mbuzi wanaopanda bila hodi! Sibomoi. Nimenunua paneli yangu, nimeilaza juu, taa inawaka mpaka mbuzi wanaona haya. Leteni wataalamu.

Mjomba wako Sila
(darasa la tano, lakini la zamani)

Kikuyu, Dodoma, 21 Februari 2025

Shikamoo mjomba,

Habari za huko? Mimi na wanangu hatujambo, ila moyo umechoka. Niliwatetea kwenye kikao mpaka wataalamu wakakubali kuja. Jumanne wamekuja, ukabonyeza swichi, taa kimya. Ukawaambia jua limekwenda Kondoa kutembea! Mkuu wangu ameandika: "Tembe haifai." Nyumba kumi na mbili za tembe nilizokuwa nimeziombea nafasi zimefutwa, na ya bibi Restuta mkunga ni mojawapo. Mpango unafungwa mwisho wa Machi. Kubali bati, mjomba. Nitakusaidia.

Mpwa wako Ruthu

Bahi, 9 Machi 2025

Mpwa wangu,

Hujambo na watoto? Sisi tunadunda. Bati kaezeke ofisi yenu.

Hao wataalamu waliitazama tembe kutoka kwenye kivuli cha gari lao. Hakuna aliyepanda. Mimi nilipanda walipoondoka tu, nikakuta mlenda wa mboga! Anyesi ameutandaza wote juu ya paneli, haionekani hata kona.

"Anyesi, umeniaibisha mbele ya serikali!"

"Si ulisema hicho kitu kinakamata jua? Na mimi jua nalitaka. Kwani la kwako peke yako?"

Tena unakauka upesi, anasema. Nilicheka mpaka nikakaa kitako, juu ya paa lile lile lisilobeba kitu.

Kosa ni langu, niliilaza paneli kama mkeka. Nimeipeleka kwa Restuta. Nimefunga miti minne kwenye nguzo zinazobeba nyumba yake, paneli imesimama kimo cha mtu, imeinama kaskazini kidogo. Mlenda una paa lote lililobaki. Watoto wawili wameshazaliwa kwa taa hiyo, na mvua kubwa imepita, paa halikudondosha hata tone. Kwangu ni giza, lakini giza la kujitakia. Mwambie mkuu wako aje na ngazi.

Mjomba wako Sila

Kikuyu, Dodoma, 31 Machi 2025

Shikamoo mjomba,

Natumaini nyote wazima, na giza lako pia.

Barua yako niliisoma kikaoni, neno kwa neno, hata lile la ngazi. Mkuu akasema fomu haina mahali pa tembe. Nikachukua rula na kalamu, nikaiongeza palepale mbele yake: bati, vigae, tembe. Akaniambia nifute. Nikamwambia basi afute yeye, halafu akamweleze Restuta. Kalamu nikamwekea mezani. Hakuishika.

Nyumba kumi na mbili zimerudi. Na kwenye fomu ya nyumba yako, penye "matumizi mengine ya paa", nimeandika: kuanika mlenda, ruhusa kwa Anyesi tu. Hilo hata wewe hulifuti.

Mpwa wako Ruthu