Mama, Hili Ini Nalo Lina Mafuta

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, sithubutu kuanza kusema na mkubwa kabla sijamwamkia, hata kama yuko udongoni mwaka wa nne sasa. Ni mimi Nyamizi, mwanao wa kwanza, mwalimu wako. Nakuandikia kutoka India, hospitalini, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi aliyolazwa Mihayo, kitindamimba wako. Naogopa, Mama. Naogopa mpaka meno yanagongana, na huku nje jua linawaka utadhani Igunga mwezi wa kumi.

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda kuzungushwa. Ugonjwa uliokuua unamtaka na Mihayo. Ulipofariki tulipimwa, mimi nikakutwa salama, yeye akakutwa na virusi vilevile vya homa ya ini. Daktari akasema huenda alivipata siku uliyomzaa. Usijilaumu, hukujua, na hakuna aliyejua. Alipewa dawa, akazinywa mwaka mmoja, akajiona mzima, akaziacha. Unamjua mwanao. Mwaka huu macho yakageuka manjano, tumbo likajaa maji, na yule fundi wa pampu za visima aliyezunguka vijiji vyote vya Isikizya na bomba la chuma begani akawa hawezi kupanda ngazi tatu bila kuketi. Wakasema ini lake limekwisha, lazima apewe jingine. Ukoo ukachangishana, tukapanda ndege, mimi nikiwa mtu wa kumuuguza.

Najua unajiuliza, si wewe Nyamizi umkatie kipande cha lako? Nilitaka, Mama. Nilivua viatu nikajilaza kwenye mashine zao zote. Ini langu sasa ni safi kabisa, wamelisifu. Ila damu yangu na ya Mihayo hazilingani. Walipotamka maneno hayo nilitaka kukimbia, maana maneno hayo niliwahi kukuambia wewe, na yalikuwa ya uongo.

Sasa nakiri.

Wakati ule umenyong'onyea, na mimi nimejitolea nikupe kipande cha ini, uliwakusanya mashangazi na mama wadogo pale nyumbani Goweko, mkaamua kwamba mtu atakayekatwa lazima kwanza ashibe. Mlinilisha kama mzazi aliyetoka kujifungua. Asubuhi uji wenye samli inayoelea juu, mchana maziwa ya mgando na matobolwa, vile viazi vikavu, kwa karanga, jioni ugali na nyama yenye mafuta yanayong'aa mpaka mkononi. Wewe mwenyewe huna nguvu ya kusimama, lakini ulikaa kwenye kigoda unakoroga. Nikisema nimeshiba, unaniambia, "Kula, Nyamizi. Unakula kwa ajili yangu." Nani angekataa neno hilo? Hata watu wa jumuiya waliniletea kuku. Nikirudi kwangu Cheyo majirani wananisifu, "Mwalimu umenawiri!" na sketi zimegoma kufunga. Na mimi, mwalimu wa sayansi, ninayewachorea watoto wa darasa la sita ini ubaoni kwa chaki ya rangi, nililamba samli miezi mitatu nikidhani nakustawishia ini lako. Elimu yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa mdomoni, imejaa samli.

Tulipokwenda Dar kupimwa, daktari aliniita peke yangu. Akanionyesha picha, akasema ini langu limejaa mafuta, kipande kikikatwa wewe utakufa nacho, na mimi mwenyewe naweza kufia mezani. Akasema nenda kapungue, rudi baada ya miezi mitatu minne. Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikakukuta kwenye benchi umejifunika kanga hadi kidevuni, umenikazia macho. Ningekuambiaje kwamba chakula chako ndicho kilichotufungia mlango? Nikasema, "Mama, damu hazikulingana." Ukajibu, "Haya, ni mipango ya Mungu." Ukanishika mkono tukarudi zetu Tabora.

Nilianza kutembea kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, kwa mwendo wa kukimbizwa, majirani wakadhani nimechanganyikiwa. Hukunisubiri. Wiki ya saba tulikuzika.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mama mdogo Shija ndiye anayekaa kwenye nyumba yako, paa la bani la kukaushia tumbaku limeanguka upande mmoja, na shambani siku hizi tunalima alizeti tu. Samli haijaingia tena jikoni kwangu. Nikipita sokoni kwa wauzaji wake nageuza uso, na wao wananiona nina maringo. Mtu yeyote akitaja neno mafuta, hata ya taa, mwili unanisisimka.

Sasa sikia ya leo asubuhi.

Huku wapo watu ambao ndugu yao akifa wanakubali viungo vyake vikawaokoe wengine. Vinaanza kwa wenyeji, sisi wageni tuko mkiani. Saa tatu daktari alikuja, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, akasema ini limepatikana na damu inalingana na ya Mihayo. Nikapiga goti palepale. Akanisubiri niinuke, kisha akaongeza kwamba lina mafuta. Hospitali nyingine zimelikataa, ndiyo maana limetufikia sisi. Mama, nikashika kitanda.

Akanieleza taratibu kama ninavyowaeleza watoto wangu. Ini la kawaida huwekwa kwenye boksi la barafu likasafirishwa. Lenye mafuta halivumilii baridi hiyo, likija kurudishiwa damu linaharibika. Kwa hiyo hili wameliunganisha kwenye mashine. Pampu inapitisha ndani yake damu yenye joto kama la mwili, pamoja na hewa na lishe, liendelee kufanya kazi kana kwamba bado liko tumboni. Wanalitazama kwa saa kadhaa. Likisafisha damu na kutoa nyongo, wanajua lina uhai wa kutosha. Likishindwa wanaliacha, na Mihayo hakatwi. "Mafuta hayataisha yote," akasema, "na hata likifaulu hatari ipo, huenda likagoma likishaingia. Lakini bila hili sidhani kama ana wiki mbili."

Nikamwomba nilione. Sijui nani alinituma. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Maini ya mbuzi tunayajua, mekundu yaliyokolea. Hili lilikuwa limepauka kama udongo wa kichuguu, limelala kwenye kisanduku cheupe, mipira imeingia na kutoka. Mwenyewe amekufa jana, na ini lake liko macho, linafanya kazi, halijui kwamba mwenyewe hayupo. Nilimwogopa marehemu huyo nisiyemjua hata jina. Kisha nikamwonea huruma. Huenda naye alikuwa na mama aliyekuwa akimwambia kula, mwanangu, kula.

Nilijaribu kujituliza kwa kukumbuka bani lako, ulivyokuwa unachunga moto siku baada ya siku, unapandisha joto kidogo kidogo, unagusa mlango kwa mgongo wa mkono, maana moto ukishtuka jani linaungua. Nikajiambia labda na mashine yao ni hivyohivyo, ni uvumilivu tu. Wapi! Tumbaku ilipoungua tulilia, mwaka uliofuata tukapanda tena. Mihayo hapandwi mara ya pili.

Mihayo yeye mashine hakuiogopa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali la mtu wa kwetu Uyui, "Na umeme ukikatika?" Daktari akacheka, akasema ina betri. "Basi hiyo ni pampu, dada. Pampu mimi naijua." Halafu akageukia ukutani. Akasema amechoka kuwaza, mimi ndiye mkubwa, nikisema ndiyo ni ndiyo, nikisema hapana turudi nyumbani akafie Goweko. Daktari akaniachia karatasi, akataka jibu kabla ya saa sita.

Mungu wangu, Mama. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu haukuwa wa mwenzangu, ulikuwa wangu, na haukuwa usufi. Ini lenye mafuta ndilo lililokunyima maisha, na sasa niseme ndiyo, jingine lenye mafuta aingizwe mwanao? Wakilitia likagoma, nitakuwa nimemuua. Nikikataa kwa sababu ya woga wangu wa samli, nitakuwa nimemuua vilevile. Kalamu niliishika mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitamani wewe uwe hapa unikaripie, useme Nyamizi acha upuuzi, fanya hivi.

Sikuweza kutia saini huku namficha. Nikaketi kitandani pake nikamwambia yote, uji wa samli, picha ya Dar, uongo wa damu. Nikainamisha kichwa nikisubiri anitukane.

Akanitazama kwa macho yale ya manjano, akasema, "Mama alijua."

Mama! Akasema siku ile ya Dar, mimi nikiwa msalani, nesi alitoka na karatasi akakuambia mwanao apunguze vyakula vya mafuta, ini lake limejaa, arudi akipungua. Kwa hiyo nilipokuja na uso wangu niliounawa, ulikuwa umeshajua. Ulimsimulia Mihayo mkiwa jikoni, ukamwapisha. "Dada yako amenificha kwa kunihurumia. Mwache adhani amefaulu. Akijua kwamba najua, ataumia mara mbili." Na mdomo wake ule usiofunga kitu, hilo akalifunga miaka minne.

Nilikasirika, nisikudanganye. Niliwakasirikia nyote wawili. Nimebeba gunia mgongoni miaka yote hii, kumbe mwenye gunia alishanisamehe siku ileile nilipolibeba, na hakuna aliyeniambia nitue! Nikamfokea mgonjwa, manesi wakachungulia mlangoni. Mihayo akacheka mpaka akashika tumbo lake lililojaa maji, akicheka na kuugulia. Kisha tukalia, Mama, tukalia kama siku ya msiba wako.

Tulipotulia akaniambia, "Mlifichana ninyi, mama akaenda nalo moyoni. Mimi sitaki. Niambie ukweli, unaogopa?"

Nikasema naogopa sana.

"Na mimi naogopa," akasema. "Naogopa kuliko wewe, maana tumbo ni langu. Basi tuogope wote, na wewe tia saini."

Nikatia. Jina langu limepinda, halisomeki.

Hayo yalikuwa kabla ya saa sita. Tangu wakati ule nimekaa hapa. Kila mlango ukifunguka nasimama. Padri wa hapa alipita akanibariki kwa Kiingereza, nikasahau hata kusema amina. Nimeshika rozari yako ya mbao, nasali nikikosea mafumbo, na katikati ya Salamu Maria nasikia ndani yangu, toa nyongo, toa nyongo, jamani ini la watu, toa nyongo. Hivi kweli kuna sala ya namna hiyo? Leo ipo.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa narudi. Daktari amekuja. Saa kumi na dakika chache. Amesema nyongo imetoka. Si nyingi kama alivyotaka, lakini rangi yake ni nzuri na damu inasafishwa, timu yake imekubaliana waendelee. Nilimuuliza, ungekuwa mdogo wako ungekubali? Akasema ndiyo, na angeogopa kama mimi. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa halikunipunguzia hofu hata chembe.

Wamempitisha hapa mbele yangu sasa hivi, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, wamemvisha kofia ya karatasi ya kijani, amekuwa mdogo tena kama alipokuwa darasa la kwanza. Aliniinulia kidole gumba. Nilimkimbilia mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, wakanizuia kwa adabu, mlango ukajifunga wenyewe.

Mama, nina ombi moja tu. Ukimwona anakuja huko, usimpokee. Najua ni kitindamimba wako, najua akikuita kwa ile sauti yake ya kudeka mikono yako itafunguka yenyewe. Ifunge. Mfokee, mwambie nafasi hakuna, arudi kwa dada yake. Na yule mwenye ini, kama mmekutana huko, mpe shukrani zangu, na umwambie nimewaombea yeye na mama yake.

Nami naahidi. Kukiwa heri, tutakuja Goweko wawili, yeye atashika jembe na mimi nitafagia, kaburi lako litang'aa. Kukiwa shari, nitakuja peke yangu. Sitamtuma shangazi wala padri akueleze. Nitapiga goti pale kichwani pako, nitakuamkia, na nitakuambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba Mihayo amekufa, na aliyesema ndiyo ni mimi.

Lala salama, Mama. Taa nyekundu juu ya mlango imewaka, wameanza.

Mwanao,
Nyamizi