Fagio la Alhamisi

Mama yangu,

Salamu nilikutolea Ijumaa kaburini, lakini pale nilikuwa na Baba, na mengine hayasemeki mbele yake. Ndiyo maana nakuandikia.

Tangu ututoke, Baba hataki kuhamia kwangu Konde. Amebaki Kengeja, na anapika mwenyewe. Ndiyo, Mama, mumeo anapika. Mtu aliyekuwa akiagiza maji ya kunywa kutoka barazani, leo anachutama mbele ya mafiga yako na kupuliza moto mpaka macho yanamwiva. Jiko la gesi nililompelekea kalifunika kanga yako, limekaa chumbani kama bibi harusi.

Ningecheka, ila niliingiwa na hofu. Majivu hayazoi. Yalipanda mpaka mafiga yakabaki vichwa tu, na moto nao ukasogea juu. Makumbi ya nazi aliyarundika ubavuni mwa jiko, pale ambapo wewe hukuturuhusu kuweka hata kijiti. Na kwenye paa masizi yananing'inia marefu, yanacheza kila moshi ukipanda. Nikashika fagio la chelewa, akaninyang'anya.

"Wacha. Masizi haya ya mamaako. Mkishayafagia, mie n'tabaki na nini?"

Nikalia, naye akalia, muhogo ukaungua.

Nilipokwenda tena nilimkuta anachochea kwa makumbi makavu, cheche zinaruka. Sizi moja likashika, moto ukapanda nalo hadi kwenye makuti. Baba alisimama tu anatazama, mwiko mkononi. Nilimsukuma nje, nikamwaga mtungi mzima wa maji, nikapiga kwa gunia lililorowa mpaka ukazimika. Paa likabaki na tundu jeusi. Hasira zikanipanda, Mama, hasira za mtu aliyekaribia kuwazika wazazi wote wawili kwa mwaka mmoja.

Ndipo nikamwambia, na sikujua kama ninalo neno hilo mpaka liliponitoka: "Baba, Mama akifagia paa kila Alhamisi, wewe uko sokoni. Hakuacha sizi hata moja. Haya ni yako."

Alitazama juu. Nadhani miaka yote ile aliamini kwamba paa la jiko hukaa safi lenyewe. Ulifanya kazi yako kimya mno, Mama, na kwa hilo nina ugomvi na wewe kidogo.

"Kila Alhamisi?" akaniuliza.

Nikamwambia kila Alhamisi. Na majivu kila asubuhi, ukiyanyunyizia maji kwanza, kisha unayazoa kwa ndoo ya bati na kwenda kuyamwaga migombani. "Moto haulali, hujifunika tu." Ulitukaririsha hayo mpaka tukachoka kuyasikia, kumbe yeye hukuwahi kumwambia.

Akaniomba fagio. Alifagia mwenyewe, masizi yakimwangukia kwenye kofia na ndevu, na hakutaka nimsaidie. Makumbi tumeyahamishia nje, na tundu limeshazibwa kwa makuti mapya. Gesi bado hataki, sitakudanganya.

Siku hizi kila Alhamisi hunipigia simu, hata salamu hatoi. "Nshafagia," anasema, kisha anakata. Mara ya kwanza nilicheka, halafu nikakaa kitako nikalia. Nilikukumbuka ukitoka jikoni umejifunga kanga kichwani, uso mweusi, ukituambia tusikusogelee mpaka uoge.

Pumzika, Mama. Mola akutilie nuru hapo ulipo na akukunjulie nafasi. Nami nakuahidi hili moja: Alhamisi ambayo simu haitalia, nitapanda gari ya kwanza kwenda Kengeja, na fagio hilo nitalishika mimi.

Mwanao,
Asha