Simu ya Saa Saba na Nusu

Mwaka umetimia, Baba, tangu utoke nyumbani na sanduku la hadubini mkono mmoja na katoni ya chupa tupu mkono mwingine, ukamwambia Mama asifunge mlango kwa komeo maana ungerudi mapema. Hukurudi.

Mimi kifungua mimba wako ndiye niliyeshika kalamu, na wenzangu wawili wamenizunguka kunisahihisha, unawajua. Mama yuko chumba cha mbele na cherehani yake. Viatu vyako vya mpira bado viko mlangoni, amevifuta vumbi leo asubuhi.

Maisha yako uliyamaliza ukikifuatilia kichocho: shule ipi ina watoto wangapi wanaokojoa damu, wanaogea bwawa gani, na konokono wa bwawa hilo wamebeba nini. Watoto wa shule walikuita Babu Chupa. Majirani walikuwa na jina jingine ambalo halifai kuandikwa hapa, nawe ulilicheka kuliko wote. Sisi ulitupima kimo kwa ile fimbo yako ya kukadiria dawa, yenye alama za vidonge badala ya sentimita, ndiyo maana katika nyumba hii hakuna aliyejua ana sentimita ngapi. Kitinda mimba wako alimwambia mwalimu wake, mbele ya darasa zima, kwamba ana urefu wa vidonge viwili na nusu.

Sheria yako ilikuwa moja. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana hupigiwi simu, wala hupigi. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo saa hizo, ulisema, na yai halimsubiri mtu anayepiga soga na mkewe. Mama alinuna mwaka wa kwanza, kisha akazoea. Mazoea yana taabu, Baba.

Siku ile, saa saba na nusu, simu yake ililia na jina lako likatokea. Akaitazama. "Imejibonyeza mfukoni hiyo," akasema, akaendelea na upindo wa sketi. Saa tisa ikalia tena kwa jina lako, na sauti haikuwa yako. Moyo wako ulikuwa umesimama garini, njiani kurudi.

Mama hakumwambia mtu habari ya ile simu ya kwanza. Tuliona tu kwamba simu haimtoki mkononi, anakwenda nayo jikoni, anakwenda nayo bafuni. Tukadhani anasubiri simu zetu, tukajiona watoto wema. Kumbe alikuwa akijiuliza kama ulikuwa unaomba msaada. Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo, peke yake kwenye kitanda cha watu wawili, nasi tukija na kuondoka na mikoba yetu. Tunaona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyopita alikuja msaidizi wako wa maabara, yule binti uliyemwita Jicho kwa kuwa yai halikuwahi kumponyoka. Alileta daftari lako la mwisho. Mama alimpa maji, akakaa, akamuuliza bila kumtazama:

"Mwanangu, siku ile saa saba na nusu, mzee alikuwa anaumwa?"

"Anaumwa? Mama, alikuwa anacheza! Miaka tisa nyuma, shule ile watoto saba katika kila kumi walikuwa na mayai. Siku ile tumepima chupa sitini na mbili, hakuna yai hata la dawa. Akasema, 'Leo navunja sheria, lazima mama watoto ajue.' Akapiga."

"Sikupokea."

"Si alicheka sasa! 'Hapokei huyu. Ananishikia sheria yangu mwenyewe. Haya, nitamwambia nikifika.' Mama, mimi nilidhani mnajua."

Mama alilia, Baba, kilio alichokuwa amekibana mwaka mzima. Kisha akaomba aonyeshwe ukurasa. Sifuri sitini na mbili, kwa mwandiko wako mbaya. Alizipitia kwa kidole, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho. Haya tunayaandika kwa ruhusa yake.

Hatusemi upweke umekwisha. Nyumba ni kubwa mno kwake, na jioni bado hugeuka akisikia gari. Ila sheria yako tumeifuta. Leo saa saba na nusu tutampigia, hata kama ni kutoka chumba hiki cha pili, kila mmoja kwa zamu yake, na kesho pia. Jana tulijaribu. Haikulia mara ya pili, akaipokea.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao watatu, dada yako (ambaye bado anakuita mtukutu), mkweo, Jicho, na wajukuu wako wawili, mkubwa vidonge viwili, mdogo hajafikia alama ya kwanza ya fimbo.

Hatukusahau, Baba, kuanzia saa nne hadi saa nane, na saa zote zilizobaki.