Paka wa Jirani kwenye Hifadhidata

Umeme umekatika, bomba la jikoni linadondosha tone, tone, nami nacheka peke yangu gizani. Bosi leo kaumbuka!

Unaijua ile hifadhidata yangu, ya vipande vya RNA mjumbe visivyotafsiriwa kuwa protini lakini vinavyoamua ujumbe wa jeni udumu kiasi gani ndani ya seli? Miaka miwili nimeijaza, mtoto akicheza miguuni pangu. Mwenzangu, bosi kafuta jina langu kwenye rekodi, kaweka lake!

Jana niliona kuna rekodi moja kaisahau. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia ng'o!

Leo kasimama mbele ya wafadhili: "Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu." Mikono yake!

Mgeni mmoja kati yao akasema, "Tufungulie rekodi ya kwanza." Ikatokea ukutani: "Majaribio. Kiumbe: paka wa jirani, mwizi wa maziwa." Niliiandika siku ya kwanza, nikijifunza kujaza fomu! Chini yake, jina langu.

"Huyu ni nani?"

"Ah, mchapaji tu."

"Basi tueleze wewe, hivi vipande mlivichaguaje?"

Jasho likamtoka. Akanigeukia: "Dada yangu, hebu tusaidie." Leo mimi dada yake! Nikamjibu, "Mchapaji tu atajua nini, bosi?"

Mwosha naye huoshwa. Nilimwacha akibabaika weee, ndipo nikasimama nikaeleza yote. Mgeni kaagiza jina langu lirudishwe kote kabla ya Ijumaa.

Ukuta ule nimeupiga picha. Mwanangu kanipokonya simu sasa hivi, anafuata herufi kwa kidole:

"Mama, hapa pameandikwa jina lako."