Wimbo wa Kisimani Siku ya Wazazi

Bwenini, Garissa,
21 Julai 1996

Aboowe Siyad, kaka yangu mpendwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya huko Eldas, wewe na mbuzi wa watu unaowadunga sindano. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Hooyo anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini sauti ya mama ya kutugombeza sisi wanawe bado anayo. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ogle wa duka, anayekupokelea barua na kuzisoma kabla yako, alisomea ng'ambo ya mpaka wa Liboi na Kiswahili kinampiga chenga. Safari hii alale na njaa ya umbea.

Unajua Aabo alikuwa ameapa. Alisema yeye ndiye baba, muhula huu nisiumalize, nirudi nyumbani, kwamba msichana akijua kusoma jina lake inatosha, na kwamba kuna familia ya Modogashe imeanza kuulizia habari zangu. Hooyo akamsihi, shangazi Faduma akamsihi, ikawa ni kumpigia mbuzi gitaa. Akasema atakuja Siku ya Wazazi, na siku hiyo hiyo sanduku langu litapanda lori. Nililia, sikufichi, mpaka macho yakavimba.

Wakati huo Mwalimu Nkirote, yule wa Meru anayetufundisha fasihi, alikuwa ametusomea utenzi wa kale wa Wayunani kuhusu mfalme aliyekwenda vitani, akapotea baharini na kuzeeka njiani akirudi kwake. Alitaka kila kikundi kiutumie kubuni kitu chake. Bahari hakuna aliyeiona kati yetu, kwa hiyo kikundi cha Lul kilichora mfalme akipotea kwenye barabara ya Isiolo. Jitu la jicho moja linalomeza watu walilifanya lori la taa moja, na darasa zima likaangua kicheko, maana lori hilo tumelipanda sote. Sisi tukachagua kuigiza, na mimi kwa urefu huu wangu nikapewa mfalme.

Hapo ugomvi ukaanza. Katika utenzi, mfalme anakuta wanaume wamejazana kwake, wanachinja mifugo yake na kumtaka mkewe, naye anawaua wote. Qali wa kikundi chetu akasema haiwezekani, mtu aliyekunywa maziwa ya boma lako humuui hata akiwa mshenzi wa mwisho. Mwalimu akashikilia kwamba ndivyo utenzi ulivyo. Tulibishana mpaka uji ukapoa, mwishowe akacheka, akasema mfalme sasa ni wetu, tumpeleke tutakako. Basi wageni wale tukawashtaki mbele ya wazee, wakatozwa ngamia. Na ili mfalme atambuliwe, nikapendekeza wimbo wa kunyweshea ngamia: anafika kisimani amechakaa, hakuna anayemjua, anaimba, na mtumishi wake wa zamani anaujua wimbo na kuuitikia.

Siku ikafika. Aabo alikaa mbele, bakora mapajani, na sanduku langu liko mlangoni mwa bweni limeshafungwa kamba. Nilitoka nimevaa kikoi na koti la mlinzi. Nikashika ndoo, nikaimba. Wazee wakaanza kunong'ona, kwani nyimbo za ngamia si za wasichana. Na wimbo wenyewe ulikuwa ule wa Aabo, aliomtungia ngamia wake mweusi, mliokuwa mkiuimba naye kabla hujaajiriwa. Qali ndiye aliyekuwa mtumishi wa kuitikia. Akanyamaza. Nikarudia, kimya. Nikarudia tena, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Ndipo sauti ikaitika kutoka mbele. Aabo alikuwa amesimama! Alikuja akashika upande wa pili wa ndoo, tukaimba pamoja, machozi yakimtiririka ndevuni, mpaka wale wasichana waliojifunika mablanketi kuwa ngamia wakanywa wote, hata yule wa mwisho. Vigelegele vilivyopigwa nadhani mlivisikia Eldas. Mwalimu Nkirote, ambaye hajui Kisomali, alifikiri tumefanya mazoezi naye kwa siri.

Baadaye akamuuliza Aabo kwa upole kama sanduku lipelekwe kwenye lori. Aabo akamjibu kwa Kiswahili chake, na maneno yake nakuandikia yalivyotoka: "Mwalimu, mtu akiitika wimbo ya kisima, haondoki mbaka ngamia yote ikunywe. Huyu msichana bado hajamaliza kunywa. Beleka sanduku ndani."

Nitasoma mpaka kidato cha nne, Aboowe! Hao wa Modogashe wameshatumiwa salamu za kwaheri.

Sasa nikwambie siri ambayo hata Mwalimu haijui. Qali hakusahau. Mimi ndiye niliyemwomba anyamaze. Nilijua Aabo anaweza kumkataa Hooyo, shangazi, hata chifu, lakini hawezi kuvumilia kusikia wimbo ule umeachwa peke yake kisimani. Mfalme yule alisifiwa kwa hila zake, basi nami nilikuwa mwanafunzi msikivu.

Ila machozi yake sikuyapanga. Sehemu niliyoimba ndiyo yake. Aliyoitikia ni yako, na hakukosea hata neno. Ndipo nikajua kwamba tangu uondoke, kisimani amekuwa akiimba zote mbili.

Likizo ya Agosti uje, umwitikie.

Hooyo anakusalimu sana, Faduma pia, na Qali anasema umletee zawadi kwa kazi ya kunyamaza. Wasalimie wote wa huko, isipokuwa Ogle.

Ni mimi dadako mwenye furaha,
Weris Warsame