Viatu vya Aline Chini ya Meza

Jumapili, tarehe 2 Machi

Sauti imekwisha. Tangawizi, chumvi, maji moto, hakuna kinachosaidia. Lakini tumeshinda. Fulana za masapota nimeziloweka kwenye beseni, zote njano, maji yamekuwa mchuzi. Ndivyo kila Jumapili: timu ya basketi ya wasichana wa universite inacheza, mi napiga bidoni kama ngoma na kuongoza nyimbo, kisha nafua. Masapota wengi ni wanafunzi. Sisi wamama wa mutaa huu wa Cibitoke tuliingia kwa sababu ya watoto wetu, halafu tukanogewa.

Wimbo wa kochi niliutunga mimi, mwaka ule walipochukua kombe. Mi naita jina lake, "Dezire!" Wao wanajibu, "Baba wa timu!" Leo baada ya mechi amenishika mukono mbele ya watu wote. "Mama Divine, bila sauti yako hatushindi." Nikafurahi kama mutoto.

Divine wangu amecheza vizuri lakini hakucheka hata mara moja. Rafiki yake Aline hakuja tena. Aline ndiye anayefunga mipira ya mbali, na kila wiki-endi alikuwa analala hapa kwetu, maana kwao ni Gihosha, juu mulimani, na kupanda kule na giza ni mateso. Viatu vyake vya mazoezi aliviacha chini ya meza. Nafagia, navisogeza, navirudisha. Nimemuuliza Divine kama rafiki yake anaumwa. "Amechoka, mama." Mutoto mwenye nguvu vile, amechoka nini?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimejua. Si kwa Divine. Kwa telefone, kwenye grupu ya masapota, niko sokoni na ndagala zangu, samaki wadogo ninaouza, mbele yangu.

Aline amekwenda kwa wakubwa wa universite. Amesema kochi alikuwa anamuita peke yake kwenye chumba cha mipira, ati amukande misuli, na kumbe anamugusa mahali pasipo pa kuguswa. Alipokataa, akaambiwa hatacheza tena. Ndiyo maana hakuonekana. Kochi wamemusimamisha mpaka wachunguze.

Nilimupimia muteja ndagala mara mbili, akaondoka mbio kabla sijagundua.

Grupu inawaka. Nimesoma yote, pole pole, maana mi si mutu wa kusoma haraka. Wanauliza nani atafundisha sasa na kombe liko karibu. Wanauliza nani amemutuma. Hakuna hata mumoja aliyeuliza mutoto yuko namna gani.

Na mi pia sikuandika kitu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Papa Bora alikuja kwenye meza yangu. Ana atelie ya kuchomelea milango hapa Cibitoke, na ni prezida wa masapota. Mutu muzuri. Mwaka jana nilipolazwa alikuja kuniona na matunda.

"Mama Divine, grupu haikusikii. Umemeza telefone?"

"Koo, Papa Bora."

"Koo! Jumapili tunakwenda kuimba mbele ya universite, tuwaonyeshe kochi ana watu wake. Bila wewe wimbo ni fanta iliyoisha gazi."

Mama Shukuru, anayeuza nyanya pembeni yangu, akaingilia. "Wasichana wa siku hizi, sha. Wakiwekwa kwenye benchi, wanatafuta wa kuangusha." Halafu akanigeukia. "Na alikuwa anakula kwako! Hakukuambia?"

Hakuniambia. Ndiyo inaniuma. Nilimupa chakula, nilimupa shuka, na hakuona kwangu mahali pa kusemea. Angesemaje? Kila Jumapili nilikuwa natoka hapa nikimuimba yule bwana.

Naogopa kitu kingine. Divine alikuwa anafanya mazoezi na kochi huyohuyo. Sijamuuliza. Kila nikifungua mudomo natoa maneno ya sabuni, ya mukate, ya mvua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikwenda. Nilikwenda misa, nikarudi, nikajifungia na harufu ya samaki.

Wameimba. Video imefika kwenye telefone kabla sijavua kitenge cha misa. Wimbo wangu, bidoni yangu, mutu mwingine anaipiga vibaya. Na wameongeza. Wanaita, "Aline!" na wengine wanajibu, "Muongo!" Kwa sauti ileile. Wanacheka. Kuna wasichana wa universite katikati yao, wanacheka pia.

Divine alisimama nyuma yangu, sikumusikia akija. Akaangalia mpaka mwisho. Akaenda uani kuosha sufuria ambazo nilikuwa nimekwisha kuziosha.

Nina hasira. Sijui niipeleke wapi. Naogopa kuliko ninavyokasirika.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimemuuliza.

Nilikuwa namusuka. Nikiwa nimekaa nyuma yake ni rahisi, hanioni uso. Nikasema, "Divine, na wewe alikuita kwenye kile chumba?"

Vidole vyangu vikasimama kwenye nywele.

"Aliniita, mama."

Nilidhani moyo umetoka.

"Hakunigusa. Kila akiniita, Aline alikuja akasimama nje ya mulango na mupira. Anaudundisha chini. Hasemi kitu, hagongi, anaudundisha tu mpaka nitoke. Kochi alikuwa anausikia. Alikuwa ananiambia, haya, kwenda."

"Na Aline akiitwa yeye, nani alisimama mulangoni?"

"Hakuna mutu. Mi sikuwa najua. Aliniambia baadaye, wakati amekwisha kuacha timu."

Akalia. Nikalia juu ya kichwa chake, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Baadaye nikamaliza kumusuka. Mistari imekwenda upande. Amesema atabaki nayo hivyo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Masapota wamekata shauri: waende Gihosha kwa wazazi wa Aline, na kreti za vinywaji, byere na fanta. Waombe familia imuambie mutoto aondoe mashitaka. Hapa kwetu ukiwa na neno na watu ndivyo inavyofanyika. Unaleta kreti, unasimama unasema, wenyewe wanajibu, chupa zinafunguliwa, munakunywa pamoja. Mukishakunywa, neno limekwisha. Mutu atakayelifufua kesho ndiye anakuwa mubaya.

Nimeona watu wamesuluhishwa hivyo kwa ng'ombe aliyekula mahindi, kwa mupaka wa shamba. Ni jambo zuri. Lakini kwa hili?

Wanataka niende nao. "We, Mama Aline anakujua," Papa Bora akasema. "Ukikaa pale, wataona tumekuja na moyo safi."

Nimekubali. Divine amenikasirikia, hakula. Sikuweza kumueleza. Nataka tu kumuona yule mutoto kwa macho yangu. Na nikikataa, watakwenda bila mimi, na ndani ya nyumba ile Aline hatakuwa na mutu hata mumoja.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nimerudi. Miguu inauma, nimeshuka peke yangu kwa muguu.

Tulikuwa watu sita. Baba yake Aline ni funksionere, anafanya kazi ya serikali, mutu wa kimya, shati limepigwa pasi. Mama yake alinikumbatia lakini mikono yake ilikuwa kama mbao. Kreti zikawekwa katikati ya saluni, pale wanapokaa wageni. Kisha Aline akatoka jikoni na sinia ya glasi. Ndiyo, yeye, mutoto wa kike wa nyumba, lazima ahudumie wageni. Amekonda. Akamuwekea glasi kila mumoja wa watu waliokuja kumunyamazisha. Alipofika kwangu hakuinua macho.

Papa Bora akasimama, akasalimia vizuri, akaongea vizuri. Timu ni familia. Watoto wanateleza, wakubwa wanasamehe. Mambo yote yale hakuyataja kwa jina. Alisema "ile bahati mbaya." Baba yake Aline alikuwa ameshika kifungulio cha chupa mukononi, anakigeuza, anakigeuza. Niliona amechoka. Niliona atafungua. Si kwa ubaya. Ni kwamba kila mutu kazini kwake, kanisani kwake, kwenye kartie anakokaa, anataka afungue.

Akainua chupa ya kwanza.

Nikasema, "Aline, mwanangu, mi niletee maji."

Papa Bora akacheka. "Tumebeba kreti nzima mpaka huku juu, Mama Divine anataka maji ya robine ya jikoni!"

"Nataka ya Aline."

Akaleta. Nikamushika mukono pamoja na glasi. Nikanywa yote, sikubakiza. Halafu nikasema, sijui nilitoa wapi sauti, mi wa kuimba, si wa kuongea mbele ya watu. Nikasema, "Mi sina cha kusuluhisha na huyu mutoto. Kila kochi alipomuita Divine, yeye alisimama mulangoni anadundisha mupira, ili wangu atoke muzima. Kwake hakusimama mutu. Nimekuja kumuambia asante. Na pole."

Mama yake akajifunika uso na kitenge.

"Mama Divine," Papa Bora akasema, si kwa hasira, kama mutu aliyepigwa kofi. "We uko wa timu ao uko wa nani?"

Baba yake Aline akaangalia ile chupa. Akairudisha kwenye kreti. Kifungulio akakitia kwenye mufuko wa shati.

"Tumesikia neno lenu," akasema. "Kreti murudi nazo."

Aline alinisindikiza mpaka kwenye barabara. Pale pa kuagana akaniwekea kichwa begani, hivi, kidogo. Kama zamani akiwa na usingizi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wamenitoa kwenye grupu. Telefone iko kimya kama ya mutu aliyekufa. Inauma, sitasema uongo. Wale walikuwa watu wangu. Tulizikiana, tulichezeana harusi.

Divine amekwenda kwa wakubwa kusema aliyoyaona. Nilimupeleka, nikakaa nje kwenye benchi, nikasali rozari na vidole kwa sababu nilisahau yenyewe nyumbani. Alipotoka nikamuuliza, wakikutoa kwenye timu? Akasema, "Basi watanitoa, mama." Nilimuangalia mistari ya nywele iliyokwenda upande. Lini amekuwa mukubwa?

Sokoni Mama Shukuru hakunisalimia asubuhi yote. Mchana, akipanga nyanya zake, bila kuniangalia: "Ni kweli ile ya mupira mulangoni?"

"Ni kweli."

Akapanga nyanya tena. "Wangu mudogo anataka kuanza basketi mwaka huu," akasema. Basi. Jioni nimekuta nyanya nzuri kwenye kikapu changu.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Mechi. Nimekwenda bila bidoni, bila fulana ya njano, nimevaa kitenge changu cha misa. Aline alikuja na mama yake. Nilikuwa nimemuambia asije kama hataki. Alitaka kumuona Divine akicheza. Tukakaa mwisho wa ngazi za watazamaji, mi huku, mama yake huku, yeye katikati. Mukono wake baridi kama wa mutu aliyetoka mutoni.

Watu waligeuka. Wengine waliguna. Kijana mumoja akapiga kelele, "Muharibifu!" Nikamuangalia kama ninavyowaangalia wanaojaribu kuniibia ndagala. Akakaa.

Halafu Papa Bora akaanzisha wimbo. "Dezire!" Wakajibu, lakini nusu. Wanafunzi wengi waliangalia telefone zao. Wengine walijibu kwa nguvu zote, wakituangalia sisi. Akaita tena. Jibu likawa dogo zaidi. Alipoita mara ya mwisho nilimuonea huruma, kweli. Anamupenda kochi. Mi pia nilimupenda. Inatakiwa kupeleka wapi mapenzi kama hayo? Hakuna aliyetufundisha.

Katikati ya mechi Mama Shukuru akapanda ngazi, na fulana yake ya njano, akakaa nyuma yetu. Akatoa karanga. Akamupa Aline kwanza.

Tumeshindwa, na vibaya. Bila Aline na bila kochi, tungeshindaje. Wakati wa kutoka nilisikia, "Ona alichotufanyia." Aline alisikia pia. Nilimufunika masikio na mikono yangu yote miwili, kama mutoto mudogo, mbele ya watu. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Hakuna mechi leo. Hakuna fulana za kufua. Beseni nimeligeuza juu chini.

Kochi bado hawajamuhukumu. Wanasema wasichana wengine wawili wamekwenda kusema. Wanasema mengi. Papa Bora tulikutana kwenye barabara, akavua kofia, akapita. Mwanamuke musaidizi wa kochi ndiye anafundisha sasa. Hajamutoa Divine. Amemutuma amuambie Aline kwamba nafasi yake iko, siku yoyote, na asipotaka pia hakuna ubaya.

Aline amelala hapa tangu juzi. Amekula wali na ndagala, akaomba tena, akaomba tena. Sikusema kitu, niliogopa angeacha.

Mvua ilinyesha asubuhi, sasa kumekauka. Nimefagia nyumba. Nimeinama kusogeza viatu vya Aline chini ya meza, na mukono umeshika sakafu tupu.

Nikasimama hapo na fagio. Uani mupira unadunda. Nimemaliza kufagia pale chini, vizuri, mpaka kwenye pembe.